Kipokezi Kiko Wapi? Ramani za Vipokezi vya Muskarini Katika Mwili wa Panya

Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa mpya ya skizofrenia inayouzwa kwa jina la Cobenfy. Kwa miongo mingi dawa za ugonjwa huo zilifanya kazi kwa kuzuia vipokezi vya dopamini. Hii imepita njia nyingine: inaamsha vipokezi vya muskarini ndani ya ubongo, hasa vile viitwavyo M1 na M4. Kidonge kina dawa mbili. Xanomeline huamsha vipokezi; trospium huvizuia, lakini nje ya ubongo tu, kwa kuwa haivuki kirahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Hesabu yote hiyo imesimama juu ya ramani inayoonesha kipokezi gani kipo ubongoni, na kipi kipo tumboni, moyoni na kwenye tezi za mate. Na ramani hiyo, kwa sehemu kubwa, ilichorwa kwa panya.

Mwanafunzi wa famasia anayeitafuta ramani hiyo hachukui muda kabla hajachanganyikiwa. Kitabu kimoja kinamwambia moyo ni wa M2. Makala nyingine ina picha za kupendeza, zenye rangi, zinazoonesha M1 na M3 humohumo moyoni. Hifadhi moja ya data inasema M5 ni adimu hata ubongoni. Utafiti mwingine umekiona katika viungo kadhaa vya pembeni. Anayesoma hudhani mmoja wa hawa anadanganya.

Ninavyoona mimi, mkanganyiko huu una vyanzo viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa. Cha kwanza ni kwamba swali la “kipokezi kiko wapi” ni maswali kadhaa yaliyovaa nguo moja, na kila kipimo kinajibu la kwake. Cha pili ni kibaya zaidi: baadhi ya vifaa vilivyotumika kwa miaka mingi vilikuwa havifai.

Familia ya watano

Asetilikolini ni kemikali ambayo neva huimwaga kuamrisha seli jirani. Mwaka 1914 Henry Dale aliyagawa matendo yake makundi mawili: yale yanayoigwa na muskarini, sumu ya uyoga, na yale yanayoigwa na nikotini. Otto Loewi akaja kuonesha mwaka 1921, kwa moyo wa chura, kwamba neva kweli humwaga kemikali kuamrisha kiungo. Walipewa Nobel pamoja mwaka 1936.

Mgawanyo wa Dale unaonekana hadi leo katika wodi zinazopokea watu waliomeza au kuvuta dawa za kuulia wadudu za kundi la oganofosfeti. Sumu hiyo huzima kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, na kemikali inajaa kila mahali. Mate, machozi na jasho vinatiririka, mboni zinasinyaa, kifua kinajaa majimaji, moyo unapunguza mwendo. Daktari hudunga atropini na kurudia dozi mpaka kifua kikauke. Hata hivyo misuli ya mgonjwa, pamoja na ile ya kupumulia, yaweza kubaki dhaifu, maana hiyo imo chini ya vipokezi vya nikotini na atropini haivigusi. Anayemwangalia mgonjwa huyo anaiona ramani ya muskarini mwilini, ila ni ramani ya jumla: atropini huzuia familia nzima bila kubagua.

Dalili ya kwanza yenye nguvu kwamba familia hiyo ina zaidi ya mwanachama mmoja ilitokana na dawa ya vidonda vya tumbo, pirenzepine. Mwaka 1980 watafiti walionesha kwamba dawa hiyo hushika kwa nguvu tishu za gamba la ubongo na kwa unyonge tishu za moyo. Kati ya 1986 na 1988, maabara za Japani na Marekani, ikiwamo ile ya Tom Bonner katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zilizisoma jeni zenyewe. Zikawa tano. M1, M3 na M5 huongeza kalsiamu ndani ya seli. M2 na M4 kwa kawaida hutuliza seli.

Mgawo ambao watafiti wengi wanaukubali kwa panya ni huu. M1 kimejaa katika gamba la ubongo, hipokampasi na striatamu. M2 ndicho kinachotawala moyoni, kipo kwa wingi kwenye misuli laini, na ubongoni kinapatikana sana katika shina la ubongo na kwenye ncha za neva zinazomwaga asetilikolini. M3 ni cha tezi, misuli laini na seli za kongosho zinazotoa insulini. M4 kina makao makuu katika striatamu. M5 ndicho adimu kuliko vyote, na RNA yake inaonekana waziwazi katika seli za dopamini za ubongo wa kati. Ugomvi uko kwenye pembe za picha hii, na ili kuuelewa inabidi tuangalie jinsi kila sehemu ilivyochorwa.

Kushika dawa yenye mionzi

Njia kongwe ni kukata tishu ya panya vipande vyembamba, kuvilowesha katika dawa iliyotiwa mionzi inayong'ang'ania vipokezi, kisha kuviacha juu ya filamu. Pale filamu inapoungua pana vipokezi. Katika miaka ya 1970 kazi hii ilifanyika sana kwa ubongo wa panya, kwa kutumia kemikali ya QNB iliyotiwa tritiamu.

Ubora wake haujapitwa na wakati: inapima protini halisi, iliyokamilika, iliyo tayari kushika dawa, na inatoa idadi. Udhaifu wake ni kwamba haijui tofauti kati ya ndugu. Tundu ambamo asetilikolini hukaa limehifadhiwa karibu sawa katika vipokezi vyote vitano. Jambo hilo lilionekana kwa macho mwaka 2012, maumbo ya M2 cha binadamu na M3 cha panya yalipochapishwa pamoja. Dawa inayoingia kwenye tundu hilo itawasha karibu familia nzima.

Afadhali kidogo imetoka kwa nyoka wa pwani yetu. Sumu ya yule nyoka wa kijani wa mitini, ambaye wanasayansi humwita Dendroaspis angusticeps, ina protini ndogo zinazoshika kipokezi kwa upande wa nje ya seli, mahali ambapo ndugu hawa watano hawafanani. Mojawapo, MT7, humshika M1 na kuwaacha wengine. Nyingine, MT3, humpendelea M4. Ni vifaa bora kuliko kemikali nyingi zilizotengenezwa viwandani, ila havijapatikana kwa kila mwanafamilia.

RNA mjumbe

Jeni zilipojulikana, ikawezekana kutafuta RNA mjumbe ya kila kipokezi peke yake, yaani nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini. Mwaka 1988 kundi la Bonner lilichapisha ramani za RNA hizo katika ubongo wa panya, na hapo wanafamilia walitenganishwa vizuri kwa mara ya kwanza. RNA haina tatizo la kufanana kwa tundu: mfuatano wa herufi zake ni wa pekee, na kichunguzi kilichotengenezwa vizuri hakikosei ndugu.

Lakini RNA ni stakabadhi ya mzigo. Haioneshi mzigo umeshushwa bandari gani. Kwa seli ya ini au ya tezi hilo si tatizo kubwa, kwani protini inabaki humohumo. Kwa seli ya neva ni jambo zito. Chukua seli za asetilikolini zilizo chini ya ubongo wa mbele wa panya. RNA ya M2 iko kwenye kiwiliwili cha seli, huko chini, wakati protini ya M2 husafirishwa hadi ncha za neva ndani ya hipokampasi na gamba la ubongo, ambako hupunguza umwagaji wa asetilikolini yenyewe. Mwenye ramani ya RNA atasema M2 kiko chini. Mwenye ramani ya protini atasema kiko juu. Wote wawili wamepima sawasawa.

Kipimo cha RNA kina mtego mwingine, hasa kile cha kuzidisha RNA mara mamilioni. Kina unyeti mkubwa mno. Kipande cha mapafu au cha kibofu kina damu, mishipa, vifundo vya neva na seli za kinga. RNA ya M5 ikionekana humo, huwezi kujua imetoka kwenye seli ipi, wala kama nakala hizo chache zinatosha kutengeneza kipokezi chochote cha maana. Madai mengi ya “tumekiona pia hapa” yamejengwa juu ya msingi huo mwembamba.

Kingamwili na mshtuko wa 2009

Kingamwili zilionekana kuwa ndilo jibu, kwani zinatafuta protini yenyewe na zinaionesha ndani ya seli kwa darubini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Allan Levey na wenzake walitengeneza kingamwili dhidi ya kitanzi kirefu kilicho ndani ya seli, sehemu ambayo vipokezi hivi vinatofautiana zaidi. Kazi yao ilikuwa ya uangalifu: walizijaribu kwanza kwenye seli zilizotiwa jeni moja moja, na walipima pia kiasi cha kipokezi kilichonaswa. Mengi tunayoyajua juu ya M4 katika striatamu yametoka huko.

Kisha ikaja biashara. Kampuni zikaanza kuuza kingamwili za kila kipokezi, kwenye vichupa vidogo, na watafiti wakazinunua na kuzitumia kwa imani. Kipimo cha kawaida cha kuhakikisha ubora kilikuwa kuloweka kingamwili katika kipande cha protini kilichotumika kuizalisha: ikiwa rangi inapotea, kingamwili ni nzuri. Kipimo hicho hakithibitishi lolote la maana. Kingamwili inayoshika protini kumi tofauti nayo itazibwa na kipande hicho, na rangi itapotea vilevile.

Panya waliofutiwa jeni walivunja ukimya. Mwaka 2009 jarida la Naunyn-Schmiedeberg's Archives of Pharmacology lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu kingamwili za vipokezi vya muskarini na vya ukoo wake mpana. (Schmiedeberg huyo, ambaye jarida linabeba jina lake, ndiye aliyechapisha pamoja na mwenzake Koppe kitabu juu ya muskarini mwaka 1869, historia nayo ina kejeli zake.) Moja ya makala hizo ilijaribu kingamwili za M1 hadi M5 kwenye tishu za panya wa kawaida na za panya asiye na jeni husika. Karibu zote zilitia rangi tishu za wote wawili bila tofauti. Kingamwili ya kipokezi fulani ilikuwa “inakiona” katika mnyama ambaye hana kipokezi hicho. Makala nyingine za mfululizo huo zilikuta matatizo ya aina hiyo kwa vipokezi vya adrenalini, dopamini na galanini.

Hapa ndipo natofautiana na wanaosema kwamba matokeo yote yana thamani yake na yapaswa kuwekwa mezani pamoja. Picha iliyotokana na kingamwili isiyojaribiwa kwa panya asiye na jeni haina uzito wowote, hata ikiwa imechapishwa katika jarida kubwa na kunukuliwa mara nyingi. Utetezi kwamba rangi ilionekana mahali “palipotarajiwa” haukubaliki: misuli na tezi zina protini nyingi zinazopenda kushika kingamwili yoyote. Picha nyingi zinazokinzana na vitabu kuhusu moyo na mapafu zimo katika kundi hili.

Panya asiye na jeni

Kati ya 1997 na 2001 jeni zote tano zilikuwa zimefutwa kwa panya, nyingine na maabara zaidi ya moja. Jürgen Wess wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani alihusika na sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wanyama hawa wanatumika kwa mambo mawili: kuhakiki vifaa, kama tulivyoona, na kuuliza swali tofauti kabisa. Si tena “kiko wapi” bali “kisipokuwepo, kinaharibika nini”.

Majibu mengine yalikuwa safi. Panya asiye na M1 hapati degedege akipewa pilokapini, dawa inayoamsha vipokezi vya muskarini. Moyo wa panya asiye na M2 haupunguzi mwendo ukipewa dawa inayofanana na asetilikolini, na hili ndilo lenye nguvu kuliko picha yoyote ya rangi katika mjadala wa moyo: hata kama kuna M3 kidogo mle ndani, hakitoshi kuchukua kazi hiyo. Panya asiye na M5 mishipa ya damu ya ubongo wake haitanuki tena kwa asetilikolini, jambo ambalo wachache walilitarajia, kwa kuwa ramani zilikuwa zimekiweka M5 kwenye seli za dopamini.

Majibu mengine yalizaa maswali. Panya asiye na M3 ni mwembamba. Watafiti wa Japani waliomwelezea mwaka 2000 waliangalia mate: mnyama asiye na mate ya kutosha hupata taabu na chakula kikavu anapoachishwa kunyonya. Kundi la Marekani, mwaka uliofuata, liliangalia hipothalamasi, ambako ishara ya njaa ilionekana kukatika, na panya alikula kidogo. Jeni ilifutwa mwili mzima. Kukonda peke yake hakukuambii kosa liko mdomoni au ubongoni.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa njia hii. Isitoshe mnyama aliyekua bila jeni tangu mimba anaweza kuwa amejipanga upya, ndugu mmoja akibeba mzigo wa mwingine. Mate yanaonesha hilo vizuri. Ukimfuta M3 peke yake, mnyama bado hutoa mate akipewa dozi kubwa ya dawa. Ukimfuta M3 pamoja na M1, mate yanakatika. Kwa hiyo “hakuna kilichoharibika” haimaanishi “kipokezi hakikuwepo”. Kufuta jeni katika aina moja tu ya seli, kama ilivyofanywa kwa M3 katika seli za insulini, kunapunguza tatizo, kwa gharama na muda mwingi zaidi.

Seli moja moja

Miaka ya karibuni imeleta hazina za data zinazosoma RNA ya seli moja moja. Tabula Muris ya mwaka 2018 ilipima zaidi ya seli 100,000 kutoka viungo 20 vya panya. Wengi sasa huanzia na kuishia hapo: unaandika jina la jeni, unapata picha.

Ni maendeleo makubwa, kwani tatizo la mchanganyiko wa tishu limeondoka. Lakini vipokezi vya aina hii huwa na nakala chache sana za RNA, na kipimo cha seli moja hukosa nakala chache kwa urahisi. Seli inayoonesha sifuri inaweza kuwa nacho. Tena, ili kuzitenganisha seli, tishu huvunjwa kwa vimeng'enya, na matawi marefu ya neva hupotelea humo. Hazina hizi zinafaa sana kuthibitisha kuwepo. Kuthibitisha kutokuwepo ni kazi nyingine.

Wingi na kazi

Tuseme ramani imekamilika na haina kosa. Bado kuna jambo ambalo haliwezi kusoma, na kibofu cha mkojo ndicho mfano wake bora.

Ukipima vipokezi vya muskarini katika misuli ya kibofu cha panya, M2 ni wengi mno: takriban tisa kwa kila kumi. M3 ni wachache. Mwenye kuangalia ramani ya wingi angesema kibofu ni cha M2, kama moyo. Lakini panya asiye na M3 ndiye anayepoteza karibu nguvu yote ya kubana kibofu akipewa dawa, na madume hasa huzuiwa mkojo, kibofu kikavimba. Wachache ndio wanaofanya kazi. Wengi wana kazi ya kusaidia kwa mlango wa nyuma, kwa kupunguza ishara zinazolegeza misuli. Katika utumbo hali inafanana, ingawa uwiano wake ni kama wanne kwa mmoja.

Kwa nini majike hawaathiriki sana kama madume haijaelezwa kwa ukamilifu, ila inajulikana kwamba kibofu cha panya hupokea pia amri kupitia ATP, kwa kiasi kikubwa kuliko kibofu cha binadamu mwenye afya. Hapo ramani ya panya inaanza kuachana na yetu.

Kuvuka kutoka panya hadi mtu

Nikizipima njia hizi kwa pamoja, ningeupa uzito wa kwanza ushahidi wa RNA unaoonesha seli yenyewe, ukiungwa mkono na kushika dawa au kingamwili iliyopimwa kwa panya asiye na jeni. Kufuta jeni ningekuweka mahali pake: ni hakimu bora wa vifaa, ni shahidi mzuri wa kazi, ni shahidi wa wastani wa mahali. Data za seli moja ni mwanzo mzuri wa utafutaji. Picha za kingamwili zisizohakikiwa ningezitupa, na hasara yake si ndogo, kwani baadhi ya tishu hazina ushahidi mwingine wowote.

Kwa kipimo hicho, mgawo mkuu unabaki imara. M2 moyoni, M3 kwenye tezi na misuli laini, M1 katika gamba la ubongo, M4 katika striatamu. Kilichobaki wazi ni viwango vidogo katika viungo vya pembeni na, zaidi ya yote, mahali hasa pa kila kipokezi kwenye matawi ya neva, ambako kingamwili ndizo zilizohitajika kuliko kifaa kingine chochote.

Waliotengeneza Cobenfy hawakuhitaji pembe hizo. Walihitaji kujua kwamba kichefuchefu, kutapika na kuharisha kunakoletwa na xanomeline kunatoka nje ya ubongo, na kwamba faida iko ndani. Hilo lilikuwa kwenye sehemu imara ya ramani. Swali la M1 au M4, kipi kinacholeta nafuu, lilikuwa gumu zaidi. Panya wengi waliofutiwa jeni walielekeza kidole kwa M4. Novemba 2024 kampuni ya AbbVie ilitangaza kwamba emraclidine, dawa inayoongeza nguvu ya M4 peke yake, haikushinda kidonge kisicho na dawa katika majaribio mawili ya awamu ya pili. Wapo wanaosema hilo linaonesha M1 ni wa lazima. Wapo wanaosema waliopewa kidonge kitupu nao walipata nafuu kubwa mno, na majaribio hayakuweza kupambanua. Ramani ya panya haiwezi kuwaamulia: inaonesha vipokezi vyote viwili vikiwa ndani ya striatamu, mara nyingi ndani ya seli ileile.